Ladislav Kubala: Mkimbizi aliyevaa jezi za mataifa matatu

Wachezaji wanaobadilisha klabu kila baada ya misimu miwili ni wengi, na hakuna anayewashangaa. Wanaobadilisha taifa ni wachache. Ladislav Kubala alibadilisha mara mbili: aliichezea Chekoslovakia, kisha Hungary, kisha Uhispania. Wahungary wanamwita László, Waslovakia wanamwita Ladislav, na Wahispania waliandika Ladislao kwenye vitambulisho vyake. Kila mmoja anamhesabu kuwa wake, na kila mmoja ana sehemu ya haki.

Alikuwa mchezaji aliyeijaza Barcelona watu viwanjani katika miaka ya 1950, na baadaye kocha aliyeiongoza timu ya taifa ya Uhispania kwa miaka 11. Hata hivyo, pamoja na jezi hizo tatu, hakuwahi kucheza hata dakika moja katika fainali za Kombe la Dunia. Katika makala hii tunayafuata maisha yake kuanzia mitaa ya Budapest, maana mambo mengi yaliyompata baadaye hayaeleweki bila kujua alikotoka na alikokimbia.

Mtoto wa mwashi

Kubala alizaliwa Budapest tarehe 10 Juni 1927. Baba yake alikuwa mwashi kutoka jamii ya Waslovakia walioishi Hungary. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, naye pia alikuwa na damu ya Kislovakia katika ukoo uliochanganyika. Katika Ulaya ya Kati ya wakati huo hali kama hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Hadi mwaka 1918 Budapest na Bratislava zilikuwa chini ya dola moja, na mipaka ilipochorwa upya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, koo nyingi zilijikuta zimekatwa vipande. Mtu aliweza kuwa Mslovakia kwa asili, Mhungary kwa uraia, na kuongea lugha mbili mezani bila kuona ajabu yoyote.

Kijana huyo alianza mpira katika timu ya kiwanda cha Ganz akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akicheza na vijana waliomzidi miaka kadhaa. Alijifunza pia ndondi, na waliomwona baadaye uwanjani walisema ndondi hizo hazikupotea bure. Alikuwa na mapaja mazito na kifua kipana, na alijua kuuweka mwili wake kati ya beki na mpira hivi kwamba kumnyang'anya ilikuwa kama kuusukuma ukuta. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kumalizika alikuwa ameshajiunga na Ferencváros, mojawapo ya klabu kubwa za Budapest.

Mwaka 1946 alivuka mpaka kwenda Chekoslovakia na kujiunga na ŠK Bratislava, klabu ambayo leo inajulikana kama Slovan. Inaelezwa kwamba alitaka kukwepa kuitwa jeshini Hungary. Vyovyote iwavyo, Bratislava ilimpa mambo mawili yaliyoamua maisha yake yote. La kwanza ni jezi ya taifa: aliichezea Chekoslovakia mechi sita na kufunga mabao manne. La pili ni familia. Kocha wa klabu alikuwa Ferdinand Daučík, beki wa zamani wa Slavia Prague na wa timu ya taifa ya Chekoslovakia. Mwaka 1947 Kubala alimwoa dada yake Daučík, Anna Viola. Tangu hapo kocha akawa shemeji yake, na kwa miaka mingi iliyofuata ni vigumu kumtaja mmoja bila mwenzake.

Mwaka 1948 akarudi Hungary, na hapa tena inaelezwa kuwa safari hii lilikuwa jeshi la Chekoslovakia lililokuwa likimtafuta. Akajiunga na Vasas ya Budapest na kuichezea Hungary mechi tatu. Alikuwa na umri wa miaka 21, na tayari alikuwa amevaa jezi za mataifa mawili. Kwa kanuni za sasa za FIFA mtu aliyekwisha kuichezea timu ya wakubwa ya nchi moja hupata taabu sana kuhamia nyingine. Wakati ule mlango ulikuwa wazi, na wengi waliupitia, akiwemo Alfredo Di Stéfano.

Lori, mpaka na ndege ya Torino

Hungary aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Wakomunisti walikuwa wameshika hatamu, mipaka ilikuwa ikifungwa, na mchezaji mwenye jina hakuweza tena kuamua aende wapi. Mnamo Januari 1949 Kubala alitoroka. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba alijificha nyuma ya lori pamoja na wenzake, wakiwa wamevaa sare za askari wa Kisovieti, hadi wakafika eneo la Austria lililokuwa chini ya Wamarekani. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, Branko, na hawakuwa naye katika safari hiyo. Wao walivuka baadaye.

Kutoka Austria aliingia Italia, akawa anafanya mazoezi na kucheza na klabu ya Pro Patria. Italia wakati huo ilikuwa na timu moja iliyozitawala nyingine zote: Torino, mabingwa wa ligi kwa miaka mfululizo. Mwezi Mei 1949 Torino walialikwa Lisbon kucheza na Benfica katika mechi ya heshima ya nahodha wa Benfica, Francisco Ferreira, na Kubala akaombwa aende nao. Alikubali. Kisha akajitoa dakika za mwisho, kwa kuwa mkewe na mtoto walikuwa ndiyo kwanza wamewasili Italia na mtoto alikuwa mgonjwa.

Tarehe 4 Mei 1949, ndege iliyokuwa ikiwarejesha Torino ilikigonga kilima cha Superga nje ya jiji la Turin katika ukungu mzito. Watu wote 31 waliokuwemo walikufa, wakiwemo wachezaji 18. Kubala alikuwa hai kwa sababu ya homa ya mtoto.

Mkasa huo haukumaliza matatizo yake. Chama cha soka cha Hungary kilimshitaki FIFA: amevunja mkataba, ameondoka nchini bila ruhusa, amekwepa jeshi. FIFA ikamfungia kwa mwaka mmoja. Hapa tunadhani inafaa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili husahaulika katika hadithi za ushujaa wake. Shirikisho la kimataifa lilikuwa likiitambua serikali iliyofunga mipaka kama mwenye mali, na mkimbizi kama mali iliyoibwa. Mchezaji wa miaka 22, mwenye mke na mtoto, alikuwa hana pasipoti inayotambulika, na kazi pekee aliyoijua alikatazwa kuifanya.

Timu isiyokuwa na nchi

Jibu lililopatikana lilikuwa la ajabu kidogo. Kulikuwa na wachezaji wengine wengi waliokimbia Ulaya ya Mashariki na kukwama katika kambi za wakimbizi nchini Italia. Mwanzoni mwa mwaka 1950 Kubala na wenzake waliunda timu yao na kuiita Hungaria, ingawa ndani yake walikuwemo watu wa mataifa kadhaa. Kocha alikuwa shemeji, Daučík, ambaye naye alikuwa amekwisha toroka. Haikuwa na ligi wala uwanja wa nyumbani. Ilizunguka ikicheza mechi za kirafiki na yeyote aliyekuwa tayari kuilipa.

Katika majira ya joto ya 1950 Hungaria ilifika Uhispania. Ilicheza na kikosi cha Madrid, na Espanyol ya Barcelona, na pia na kikosi cha Uhispania kilichokuwa kikijiandaa kwenda Kombe la Dunia nchini Brazil. Watazamaji walitoka uwanjani wakizungumza juu ya mtu mmoja tu. Real Madrid wakamtaka. Barcelona, kupitia nyota wao wa zamani Josep Samitier, wakamtaka pia, na Samitier alikuwa mjanja zaidi. Barcelona husimulia hadi leo kwamba Kubala aliingizwa kwenye treni akiwa amelewa, na alipouliza mbona vibao vya stesheni vinasema Barcelona ilhali yeye anakwenda Madrid, Samitier alimtuliza kwa uongo wa haraka haraka. Inawezekana kisa hicho kimeongezwa chumvi. Lililo hakika ni kwamba alitia saini Barcelona mwezi Juni 1950, na kwamba alisisitiza shemeji yake aajiriwe pia. Barcelona wakapata mchezaji na kocha kwa mpigo.

Bado kulikuwa na kifungo cha FIFA, na hapa siasa ziliingia. Uhispania ya Jenerali Franco ilikuwa imetengwa na nchi nyingi baada ya vita, na ilikuwa ikijitangaza kama ngome dhidi ya ukomunisti. Mwanasoka maarufu aliyekimbia ukomunisti akaomba hifadhi Uhispania lilikuwa jambo zuri mno kuliacha lipite. Samitier alikuwa na marafiki serikalini, milango ikafunguka, na baadaye Kubala akapewa uraia. Mwaka 1955 ilitoka hata filamu kuhusu kutoroka kwake, ambamo yeye mwenyewe aliigiza nafasi yake.

Utawala huo huo ulikuwa ukiizuia lugha ya Kikatalani isitumike shuleni na katika ofisi za umma. Klabu ya Barcelona ilikuwa mahali pachache ambapo Wakatalani waliweza kujisikia wako nyumbani. Kwa hiyo Kubala alikuwa na kazi mbili zisizopatana: kwa serikali alikuwa bango la propaganda, na kwa mashabiki wa Les Corts alikuwa furaha yao ya Jumapili. Mashabiki ndio waliobaki naye.

Mabao saba na makombe matano

Msimu wa kwanza alicheza mechi za kirafiki tu, akisubiri ruhusa. Ilipopatikana, mwaka 1951, aliingia moja kwa moja kwenye Kombe la Uhispania na Barcelona wakalitwaa kwa kuwafunga Real Sociedad 3-0 katika fainali. Msimu uliofuata wa 1951-52 ndio ambao wazee wa Barcelona waliusimulia hadi kufa kwao. Katika ligi alifunga mabao 26 katika mechi 19. Mwezi Februari 1952 alifunga saba peke yake dhidi ya Sporting Gijón, mechi iliyoisha 9-0. Idadi hiyo ya mabao katika mechi moja ya Ligi Kuu ya Uhispania haijapitwa. Yupo mmoja tu aliyekuwa ameifikia, Bata wa Athletic Bilbao, mwaka 1931.

Chini ya Daučík timu hiyo ilishinda kila kilichoshindaniwa: ligi, Kombe la Uhispania, Kombe la Eva Duarte, Kombe la Martini Rossi, na Kombe la Kilatini mjini Paris, ambako waliwafunga Nice 1-0. Wakatalani huiita Barça ya makombe matano.

Namba hazielezi alichokileta. Wahispania walikuwa wamezoea mpira wa mbio na nguvu. Kubala aliwaonyesha mpira wa adhabu uliopinda juu ya ukuta wa mabeki na kushuka ghafla nyuma yao, jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kuliona. Aliweza kuuficha mpira kwa mgongo, kugeuka na kupiga pasi ndefu iliyomkuta mwenzake miguuni. Maisha yake ya usiku nayo yalikuwa marefu. Alipenda kinywaji na alipenda watu, na fedha zilimpita mikononi. Waliomfahamu wanakumbuka jinsi alivyowasaidia wageni kutoka Ulaya ya Mashariki waliofika Barcelona bila kitu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefika hivyo hivyo.

Katika msimu wa 1952-53 aliugua kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa bado ukiua wengi, na wengi waliamini amekwisha kama mchezaji. Alipelekwa Monistrol de Calders, kijiji cha milimani ndani ya Katalonia, apumzike na kuvuta hewa safi. Alirudi uwanjani kabla ya msimu kwisha, na Barcelona wakachukua tena ligi na Kombe la Uhispania.

Mara nyingi husemwa kwamba Kubala ndiye aliyeujenga uwanja wa Camp Nou, kwa maana kwamba Les Corts haukutosha tena kwa watu waliotaka kumwona. Sisi tungeongeza tahadhari kidogo: klabu ilikuwa imeanza kushughulikia ardhi ya uwanja mpya mwaka 1950, kabla hajacheza mechi hata moja ya mashindano. Lakini ni kweli kwamba umati aliouvuta uliwapa viongozi ujasiri wa kujenga kitu kikubwa kuliko walivyowahi kukifikiria. Camp Nou ulifunguliwa Septemba 1957.

Telegramu ya Roma

Jezi ya tatu aliivaa Julai 1953, Uhispania ilipocheza na Argentina mjini Buenos Aires. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1953, alikuwa Wembley na timu ya FIFA ya wachezaji teule iliyotoka sare 4-4 na Uingereza, akafunga mabao mawili. Shirikisho lililokuwa limemfungia sasa lilikuwa likimwita kuipamba timu yake.

Miezi mingine mitano ikapita, na mambo yakageuka tena. Uhispania ilikuwa ikishindana na Uturuki kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 1954. Ilishinda 4-1 Madrid, ikapoteza 1-0 Istanbul, na kwa kanuni za wakati ule tofauti ya mabao haikuhesabiwa. Ikapangwa mechi ya tatu mjini Roma, tarehe 17 Machi 1954. Muda mfupi kabla ya mechi, telegramu ikawafikia viongozi wa Uhispania ikiwatahadharisha juu ya Kubala na uhalali wake. Wakaogopa, wakamwacha nje. Mechi ikaisha 2-2. Ikapigwa kura, mtoto wa Kiitalia aliyefungwa kitambaa machoni akachota karatasi, na karatasi ikatoka Uturuki.

Uhispania haikwenda Uswisi. Haikwenda pia Sweden mwaka 1958, japokuwa ilikuwa na Kubala na Di Stéfano katika mstari mmoja wa ushambuliaji. Mwaka 1962 hatimaye ilifuzu kwenda Chile, lakini Kubala, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 35, hakucheza.  Di Stéfano, aliyekuwa majeruhi, hakucheza pia. Kwa Uhispania alibaki na mechi 19 na mabao 11.

Nguzo za Bern

Katika klabu, nusu ya pili ya miaka hiyo haikuwa laini. Baada ya maasi ya Hungary ya 1956 kuzimwa na vifaru vya Kisovieti, wachezaji wa kikosi maarufu cha Hungary walitawanyika, na Kubala alishiriki kuwashawishi wawili kati yao, Sándor Kocsis na Zoltán Czibor, wajiunge na Barcelona mwaka 1958. Mwaka huo huo alikuja kocha Helenio Herrera, mtu wa nidhamu kali na mbio nyingi. Herrera hakuwa na subira na mshambuliaji mwenye umri wa miaka 31 aliyependa kulala alfajiri. Barcelona walitwaa ligi mwaka 1959 na 1960, lakini Kubala alianza kuzoea benchi. Katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya ya 1960 dhidi ya Real Madrid aliachwa nje, Barcelona wakafungwa 3-1 mara mbili, na Herrera akaondoka.

Mwaka uliofuata Barcelona ikawa timu ya kwanza kuwatoa Real Madrid katika Kombe la Ulaya, baada ya Madrid kulitwaa mara tano mfululizo. Fainali ilichezwa tarehe 31 Mei 1961 katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern, dhidi ya Benfica. Kwa Kocsis na Czibor uwanja huo ulikuwa na mzimu wake: hapo ndipo Hungary ilipopoteza fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 kwa mabao 3-2. Kocha wa Benfica alikuwa Béla Guttmann, mzaliwa wa Budapest kama Kubala. Kocsis alifunga, Czibor alifunga, mipira ya Barcelona ikagonga milingoti mara kadhaa, na shuti moja la Kubala liligonga mlingoti huu likaenda kugonga na wa pili likatoka. Mechi ikaisha 3-2 kwa Benfica.

Alistaafu kuchezea Barcelona mwaka huo, akiwa na mabao 131 ya ligi katika mechi 186. Katika mechi ya kumuaga, mwezi Agosti, Di Stéfano na Ferenc Puskás wa Real Madrid walivaa jezi ya Barcelona kwa ajili yake. Hakuna Mkatalani wala Mmadridi aliyelalamika.

Kocha

Barcelona ilimpa timu. Kama kocha aliifikisha fainali ya Kombe la Miji ya Maonyesho mwaka 1962, ambako Valencia waliwachapa 6-2 katika mechi ya kwanza, na mapema mwaka 1963 akafukuzwa. Akafanya jambo ambalo baadhi ya mashabiki hawakulisamehe upesi: alivuka mji na kujiunga na Espanyol, mahasimu wa Barcelona, kama mchezaji na baadaye kocha. Mwaka 1964 Di Stéfano, aliyekuwa ameachwa na Real Madrid, akamfuata huko, akawa anacheza chini yake.

Kisha akaenda FC Zürich ya Uswisi akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 39, aliingia uwanjani katika Kombe la Ulaya dhidi ya Celtic, timu ambayo ingelitwaa kombe hilo mwishoni mwa msimu. Mwaka 1967 akawa Kanada na Toronto Falcons, ambako alicheza pamoja na mwanawe Branko, yule mtoto wa homa ya 1949, na Yanko Daučík, mtoto wa shemeji yake. Shemeji mwenyewe alikuwa amejenga jina kubwa Uhispania: baada ya Barcelona aliiongoza Athletic Bilbao kutwaa ligi mwaka 1956, kisha akazunguka klabu nyingi hadi alipofariki mwaka 1986.

Mwaka 1969 Uhispania ilimkabidhi Kubala timu ya taifa, na mechi yake ya kwanza ilikuwa ushindi wa 6-0 dhidi ya Finland. Alidumu hadi 1980, mechi 68. Tukiangalia matokeo tu, hukumu si ya kupendeza. Uhispania ilikosa Kombe la Mataifa ya Ulaya la 1972, ikipitwa na Umoja wa Kisovieti. Ikakosa Kombe la Dunia la 1974 baada ya kulingana na Yugoslavia na kupoteza mechi ya marudio 1-0 mjini Frankfurt. Mwaka 1976 ilifika robo fainali ya Ulaya, ikatolewa na Ujerumani Magharibi.

Deni hilo lililipwa Belgrade, tarehe 30 Novemba 1977. Yugoslavia tena, na safari hii kwao. Ilikuwa mechi ya rafu na kelele. Mchezaji wa Uhispania, Juanito, alipigwa na chupa kichwani akitoka uwanjani. Rubén Cano akafunga bao moja, nalo likatosha. Uhispania ikarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1966.

Kwa hiyo Kubala alifika Argentina mwaka 1978, akakaa benchi. Uhispania ikafungwa na Austria 2-1. Katika mechi ya Brazil, Julio Cardeñosa alipata mpira mbele ya goli lililokuwa wazi, akasita kidogo, na shuti lake likaondolewa na beki kabla halijavuka mstari. Ikaisha 0-0. Walishinda Sweden 1-0, na hiyo haikuwatosha kuendelea. Miaka miwili baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Ulaya nchini Italia, waliambulia sare moja na kufungwa mara mbili.

Kwa nini basi shirikisho lilimvumilia miaka yote hiyo? Jibu letu ni kwamba Uhispania ya miaka ya 1970 haikuwa na wachezaji wa kiwango cha Ujerumani Magharibi au Uholanzi, na wakubwa wa soka waliijua hali hiyo. Kubala aliwapa utulivu. Wachezaji walimpenda, magazeti ya Madrid na ya Barcelona yalimheshimu, na mazoezini hata alipokaribia miaka 50 alikuwa akiwaonyesha vijana jinsi ya kupiga mpira wa adhabu, na wao wakishindwa kuurudia.

Mwaka 1980 alirudi Barcelona kama kocha, na haikufika hata nusu msimu. Baada ya kipigo cha 4-0 nyumbani kutoka kwa Köln katika Kombe la UEFA, aliondolewa. Aliyechukua nafasi yake alikuwa Helenio Herrera.

Baadaye alifundisha Saudi Arabia, akarudi na kuipandisha Málaga daraja la kwanza mwaka 1988, na mwaka 1995 akaiongoza timu ya taifa ya Paraguay. Barcelona ilipotimiza miaka 100, mwaka 1999, mashabiki waliulizwa nani alikuwa mchezaji bora wa klabu yao katika historia yote. Walikuwa wamemwona Johan Cruyff, walikuwa wamemwona Diego Maradona. Wakamchagua Kubala.

Miaka yake ya mwisho aliugua ugonjwa wa ubongo uliomnyang'anya kumbukumbu kidogo kidogo. Alifariki Barcelona tarehe 17 Mei 2002, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 2009 klabu ilisimamisha sanamu yake nje ya Camp Nou, akiwa amenyanyua mguu kupiga mpira. Kaburi lake liko katika makaburi ya Les Corts, yanayopakana na uwanja huo, na siku ya mechi kelele za mashabiki hufika hadi hapo.